Suruali Nane za Kiuno Kimoja

Mtaa mzima ulimwita Bwana Futi. Futi yake ya kupimia ilining'inia shingoni kutwa, na wapo walioapa kwamba analala nayo. Alikuwa fundi nguo. Yeye alipima na kukata, mkewe akashona. Mkewe watu walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo la suruali likipita mikononi mwake halifumuki mpaka mwenye suruali aichoke mwenyewe.

Chumba chao cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, mlango ukitazama barabara. Ndani mlikuwa na meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, pasi, kioo kirefu na benchi la wateja. Watu walikaa kwenye benchi hilo hata siku wasiyokuwa na nguo ya kushona. Walifuata maneno.

Bwana Futi alikuwa na jambo moja la kujivunia. Hakuandika vipimo. Akikupima mara moja, basi, umeingia kichwani mwake na hutoki.

"Fundi, kiuno changu?" mteja alikuwa akimjaribu kabla hajavuka kizingiti.

"Thelathini na nne. Lakini leo naona tumefika thelathini na sita. Nani anakulisha?"

Benchi zima lilikuwa likicheka, na mteja akicheka zaidi ya wote.

Hayo yalikuwa ya zamani. Miezi kumi iliyopita, kijana wao wa kwanza aligongwa na lori barabarani. Alikufa papo hapo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Walibaki na binti mmoja, wa miaka kumi na minne.

Mazishi yalipopita, Bwana Futi alifungua mlango wa kazi mapema kuliko kawaida. Hakulia. Watu walimsifu. "Yule ni mwanaume," walisema. "Amejikaza." Mama Pindo alipoona mwenzake amejikaza, naye akajikaza. Angelia na nani? Siku moja aliona picha ya kijana haipo tena ukutani. Hakuuliza nani ameitoa. Tangu hapo jina la mtoto wao halikutajwa tena ndani ya nyumba, na kila mmoja alifikiri anamsaidia mwenzake.

Kwa nje mambo yalikuwa sawa. Kwa ndani hayakuwa sawa hata kidogo. Bwana Futi alikula vijiko vitatu akasema ameshiba. Lori likipita, chaki ilimdondoka. Wateja waliotania walijibiwa kwa ukali, na benchi likaanza kubaki tupu. Mama Pindo aliyaona yote hayo. Alijiambia ni uchovu tu, utapita.

Asubuhi moja alikaa kwenye cherehani yake kuanza kazi ya zahanati. Muuguzi mkuu wa zahanati ya jirani alikuwa ameagiza suruali nane za kazi, za wafanyakazi wake wanaume. Wote wanane walikuja kupimwa wiki iliyotangulia. Mlinzi wao alikuwa mrefu hata akainama mlangoni. Dereva wao alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyesema futi ya fundi itaomba msaada kabla haijamzunguka. Bwana Futi alimaliza kukata jana yake. Sasa alikuwa ametoka kwenda kunoa mkasi.

Mama Pindo alichukua vipande vya suruali ya kwanza, akalinganisha miguu. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kwa nusu inchi.

"Leo mzee ameteleza," alisema peke yake, akaviweka kando.

Akachukua suruali ya pili. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kwa nusu inchi. Akachukua ya tatu. Nusu inchi.

Aliinuka, akazitandaza zote nane juu ya meza ndefu. Akachukua futi ya akiba, akapima viuno. Ishirini na nane. Ishirini na nane. Ishirini na nane. Akapekua karatasi ndogo za majina zilizobanwa kwa pini. Hii ya mlinzi: ishirini na nane. Hii ya dereva: ishirini na nane.

Alitaka kucheka. Yule dereva kwenye kiuno cha ishirini na nane! Halafu akaitazama futi tena. Alikijua kiuno hicho. Aliijua na ile nusu inchi.

Kijana wao alivunjika mguu wa kushoto akiwa na miaka saba. Mfupa uliunga, lakini mguu ulibaki mfupi kidogo. Tangu siku hiyo baba yake alimkatia suruali zake zote hivyo, mguu wa kushoto mfupi kwa nusu inchi kuliko wa kulia. Suruali ilikaa vizuri juu ya viatu vyote viwili. Shuleni walimaliza naye miaka mingi bila kujua kama ana mguu mfupi.

Mumewe alikuwa amemkatia marehemu suruali nane.

Mama Pindo alikaa chini sakafuni, kati ya vipande vya nguo.

Bwana Futi alimkuta hapo hapo.

"Mama watoto, mbona umekaa chini? Umeanguka?"

Mama Pindo alinyoosha kidole mezani. "Hizi ni za nani?"

"Si za zahanati? Wewe vipi?"

"Ya dereva ni ipi?"

Bwana Futi aliivuta ile yenye karatasi ya dereva. Aliiangalia. Akavua futi shingoni, akapima. Akapima tena. Akavuta nyingine, na nyingine, haraka haraka, kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea.

"Nilikata vipimo vyao," alisema. "Naapa. Nilimwona dereva kichwani mwangu, na tumbo lake. Nilichora thelathini na… Mama watoto, nilichora vipimo vyao!"

"Angalia miguu ya kushoto, baba watoto."

Aliangalia. Uso wake ulibadilika rangi. Mkono ulipanda kifuani, jasho likamtoka, akaanza kuvuta pumzi fupi fupi kama aliyekimbizwa.

"Nakufa," alisema. "Kifua. Mikono imekufa ganzi. Mama watoto, nakufa!"

Mama Pindo alipiga kelele. Wanaume wawili waliokuwa wakipita barabarani waliingia, wakamkalisha Bwana Futi kwenye kiti, wakakibeba kiti juu kwa juu mpaka zahanati. Mama Pindo aliwafuata mbio, kiatu kimoja mguuni.

Walimpima. Walimpima shinikizo la damu, wakamtoa damu, wakamfunga nyaya za mashine ya moyo. Daktari alikuja, akasikiliza kifua, akauliza maswali mengi, akaangalia majibu. Mwishowe aliyekuja kukaa karibu na kitanda alikuwa yule muuguzi mkuu mwenye suruali zake.

"Mzee wangu, moyo wako ni mzima," alisema.

Bwana Futi alishtuka hata akakaribia kukasirika. "Mzima vipi? Mimi nilikuwa nakufa! Unataka kusema nilikuwa naigiza?"

"Hapana. Maumivu yalikuwa ya kweli. Na mlifanya vizuri kuja. Kifua kikibana hivyo, hakuna kubahatisha, mtu apimwe. Tumepima, na chanzo si moyo. Mwili wako umepata hofu kubwa. Hofu ikizidi, moyo hudunda mbio, pumzi hukata, mikono hufa ganzi. Mtu huona kabisa kwamba anakufa. Niambie, kabla ya hapo ulikuwa unafanya nini?"

Bwana Futi aligeukia ukuta.

Mama Pindo ndipo alipogundua kwamba ameshika kitu mkononi. Alikuwa amekimbia na suruali moja toka nyumbani bila kujua. Muuguzi aliichukua, akaikunjua.

"Hii ni katika zile zetu?"

"Ya dereva wako," alisema Mama Pindo.

Muuguzi aliangua kicheko. "Dereva yupi? Huyu wa kwetu? Hapa hata mkono wake hauingii!" Kisha aliona kwamba amecheka peke yake, akanyamaza.

Mama Pindo alimweleza. Alieleza kiuno, nusu inchi, lori. Muuguzi alisikiliza huku ameishika ile suruali kwa mikono miwili. Alipoambiwa zote nane ziko hivyo, alivuta kiti akakaa.

"Miezi kumi," alisema. "Mmezungumza na nani?"

"Kuhusu nini?" Mama Pindo aliuliza.

"Kuhusu kijana wenu."

Mume na mke walitazamana. Swali lenyewe liliwashtua.

"Hapa kwetu chumba namba tatu kuna mshauri," muuguzi aliendelea. "Amesomea kazi hiyo. Huzungumza na waliofiwa, wenye hofu, waliozidiwa na mawazo. Yupo Jumatatu na Alhamisi."

"Mimi si kichaa," alisema Bwana Futi, bado ametazama ukuta.

"Mimi nilikwenda kwake mama yangu alipofariki. Nilikuwa nasahau hadi njia ya kurudi nyumbani. Unanionaje mimi, kichaa?"

Bwana Futi aligeuka, akamtazama toka juu hadi chini. "Kidogo," alisema.

Mama Pindo alimkodolea macho. Huo ulikuwa utani wa kwanza wa mumewe kwa miezi kumi.

Lakini utani haukukaa. Bwana Futi alijiinua kitandani. "Na hayo maneno ya chumba namba tatu yatanirudishia mwanangu?"

"Hayatamrudisha," alisema muuguzi. "Hatarudi, mzee wangu."

Hakuna mtu aliyewahi kuwaambia hivyo. Watu walisema Mungu atawafuta machozi, walisema watasahau, walisema wajikaze. Mama Pindo alihisi kama amemwagiwa maji baridi.

"Yeye hatarudi," muuguzi alirudia, taratibu. "Lakini ninyi bado mpo, na ninyi ndio tunataka mrudi. Kuhusu suruali, tutavaa hizi kuukuu zetu. Msiwe na wasiwasi."

Bwana Futi alirudi nyumbani akasema haendi kokote. Watu wangemwona mlangoni mwa chumba hicho, wangesema nini? Kesho yake alisimama mbele ya meza, kitambaa kipya kimetandazwa. Alishika chaki. Mkono haukwenda. Aliweka chaki chini, akaichukua tena. Alisimama hivyo asubuhi nzima na hakuchora hata mstari mmoja.

"Mama watoto," alisema baadaye, bila kugeuka. "Mikono yangu imenikataa. Kama sikati, mimi ni nani?"

"Kesho ni Alhamisi," alijibu Mama Pindo. "Nitakusindikiza."

Chumba namba tatu kilikuwa chumba cha kawaida tu. Viti vitatu, meza ndogo, dirisha lililo wazi. Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya raba. Aliwakaribisha, akafunga mlango.

"Mtakayosema hapa hayatoki nje," alisema. "Isipokuwa jambo moja. Mtu akitaka kujidhuru au kumdhuru mwenzake, hapo nitatafuta msaada, na nitawaambia ninyi kwanza. Na hamlazimiki kusema chochote msichotaka."

Mama Pindo alijipanga kumsikiliza mumewe. Yeye alikuwa msindikizaji. Mkoba wake ulikuwa mapajani, simu mkononi.

Mshauri hakuanza na kifo. Aliuliza habari za kazi. Aliuliza mtu anawezaje kukumbuka viuno vya mtaa mzima. Bwana Futi alijibu kwa neno moja, kisha kwa mawili, kisha akaeleza. Akafika kwenye suruali nane na ile nusu inchi. Hapo akakwama.

"Ulimkatia hivyo miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Basi mikono yako ilikuwa inamtafuta," alisema mshauri. "Wewe ulimkataza asikujie kichwani. Mikono haikusikia."

Bwana Futi aliangalia mikono yake.

"Nakuuliza swali gumu," mshauri aliendelea, na sauti yake haikubadilika. "Huwa namuuliza kila anayekuja hapa. Umewahi kufikiria kufa?"

Mama Pindo aliruka kwenye kiti. Swali gani hilo? Mtu anaulizwaje hivyo, mchana kweupe, mbele ya mkewe? Alimgeukia mumewe amsikie akikana.

Bwana Futi hakukana.

"Sijapanga kujidhuru," alisema polepole. "Lakini kuna siku nalala nikisema, heri nisiamke. Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimtuma dukani akanunue uzi mweusi. Ningeweza kwenda mwenyewe. Nilikuwa nimekaa tu, napiga soga na wateja."

Mama Pindo aliziba mdomo. Alikuwa akilala kitanda kimoja na mtu anayetaka asiamke, na hakujua.

"Asante kwa kusema," alisema mshauri. "Mawazo ya hivyo yakikujia tena, mwambie mkeo siku hiyohiyo, au njoo hapa hata kama si siku yangu. Utapokelewa. Usikae nayo peke yako." Kisha akageuka. "Na wewe, mama?"

"Mimi? Mimi mzima. Nimemsindikiza tu."

"Binti yenu yuko wapi saa hizi?"

"Yuko shule. Yaani, nimempigia tulipokuwa nje, alikuwa mzima. Na nilimpigia tulipotoka nyumbani. Shule imemruhusu kukaa na simu, niliwaomba. Na sasa…" Mama Pindo aliangalia simu. Kidole chake tayari kilikuwa kwenye namba ya binti.

"Unampigia mara ngapi kwa siku?"

"Kidogo tu. Mara kumi. Asipopokea ndiyo naongeza."

"Asipopokea, unahisi nini?"

Mama Pindo aliilaza simu juu ya mkoba.

"Yeye hakupokea," alisema.

"Nani?"

"Mwanangu. Nilimpigia siku ile. Baba yake kamtuma uzi mweusi, mimi nikakumbuka na mweupe umeisha. Nikampigia. Simu ikaita, ikaita, hakupokea. Labda alikuwa anaitoa mfukoni. Labda alikuwa anaangalia simu badala ya barabara. Sijamwambia mtu." Alimgeukia mumewe. "Mimi ndiye niliyemuua, baba watoto. Wewe ulimtuma tu."

Bwana Futi alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Mama Pindo alingoja. Alijua atapigiwa kelele, au mumewe atainuka aondoke.

"Umekaa na hilo miezi kumi?" aliuliza Bwana Futi.

"Ndiyo."

"Peke yako?"

"Wewe ulikuwa wapi nikuambie?"

Bwana Futi alifungua mdomo ajibu, na kilichotoka kilikuwa kilio. Alilia kwa sauti, mabega yakipanda na kushuka, futi ikicheza shingoni. Walikuwa wameoana miaka ishirini na miwili na Mama Pindo hakuwahi kuisikia sauti hiyo. Alishtuka kuliko siku ile ya suruali. Halafu na yeye akaanza. Mshauri hakuwaambia wanyamaze. Alisogeza tu viti vyao karibu.

Walipotulia, Mama Pindo aliuliza alichokuwa akijiuliza kila siku. "Niambie ukweli. Ni simu yangu?"

"Sijui, mama. Na wewe hujui, na hakuna atakayejua. Sitakudanganya. Ninachojua ni hiki: baba alimtuma mtoto dukani, na mama akampigia kumkumbusha uzi. Wazazi wote hufanya hivyo kila siku, na watoto hurudi na uzi."

Bwana Futi alijifuta uso. "Kumbe tulikuwa mahakamani sote wawili," alisema. "Kila mtu na kesi yake, na hakuna hata wakili."

Mama Pindo alicheka na kulia kwa pamoja, akajishangaa.

Siku hiyo mshauri aliwapa kazi ndogo tu. Kila siku baada ya chakula cha mchana, robo saa, wamzungumzie kijana wao kwa jina lake. Kilio kikija, walie. Kicheko kikija, wacheke. Alimfundisha Bwana Futi kupumua hofu inapomjia: kuvuta hewa polepole kwa pua, na kuitoa polepole zaidi kama anayepoza chai. Kwa Mama Pindo, kazi ilikuwa simu. Kila siku angempigia binti mara moja, saa ya mapumziko, basi.

Mara moja! Siku ya kwanza Mama Pindo alipiga mara hiyo moja, akaifungia simu kabatini, akaketi akilitazama kabati. Ilipofika saa nane simu ililia yenyewe.

"Mama, kuna nini?" alikuwa binti, anahema. "Hujanipigia toka asubuhi isipokuwa mara ile moja. Umeumwa? Baba yuko wapi?"

Hapo Mama Pindo alielewa kwamba hofu yake ilikuwa imeshaambukiza nyumba nzima. Wiki iliyofuata walikwenda na binti chumba namba tatu. Mshauri alipomuuliza kuhusu kaka yake, binti alisema jambo ambalo wazazi hawakulitegemea.

"Picha niliitoa mimi. Baba alikuwa akiitazama, halafu hali chakula. Nikaificha chini ya godoro langu. Mimi ndiye ninayelala nayo."

Miezi kumi Mama Pindo hakuwa amemuuliza mtoto huyu chochote zaidi ya "Uko wapi?" Jioni ile Bwana Futi alipiga msumari mwenyewe, picha ikarudi ukutani.

Msidhani mambo yalinyooka kwa wiki mbili. Bwana Futi alikwepa zamu moja ya kuonana na mshauri kwa sababu alimwona mteja wake amekaa nje ya chumba namba tatu. Zamu iliyofuata walikutana tena mlangoni, wote wawili, na kila mmoja akasema amekuja kumsalimia muuguzi. Siku ya kuzaliwa ya kijana kifua kilimbana tena. Mara hii alikaa chini, akapoza chai isiyokuwepo, akamshika mkewe mkono, na baadaye wakaenda kupimwa tena ili wasibahatishe. Mshauri aliwaambia pia kwamba huzuni ikikataa kabisa kupungua, wapo madaktari wenye dawa zake, na kuzitumia si aibu. Bwana Futi hakuzihitaji. Mteja yule wa nje alizihitaji, na zilimsaidia.

Zile suruali nane walizishughulikia pamoja, mchana mmoja. Mama Pindo alipunguza nusu inchi kwenye kila mguu wa kulia, akazishona, akazipinda, akazipiga pasi, na vijana wanane wa shule jirani wakapata suruali. Bwana Futi alikaa naye mpaka ya mwisho. Kila moja ilipokamilika walisema kitu kimoja kuhusu mtoto wao. Ya tano walikumbuka alivyoimba vibaya, wakacheka mpaka cherehani ikasimama. Suruali mpya za zahanati zilikatwa upya, na sasa kulikuwa na daftari. Bwana Futi alilinung'unikia siku tatu nzima, lakini kila kipimo alikitaja kwa sauti na mkewe akaandika. Dereva aliponyoosha mguu ndani ya suruali yake na kufunga zipu, aliinua mikono juu kama bondia.

Watu walirudi kwenye benchi.

Siku moja, benchi limejaa, aliingia kijana mgeni. Alikuwa na miaka kumi na tisa au ishirini. Alikuwa amepata kazi, alisema, na alitaka shati la kuanzia. Bwana Futi alimsogelea na futi, akamzungushia kifuani. Futi ilisimama. Mama Pindo aliinua macho toka kwenye daftari, akaona machozi yanamtiririka mumewe mashavuni, mbele ya watu wote.

Mmoja kwenye benchi aliacha kutafuna.

"Baba, nimekosea nini?" kijana aliuliza kwa hofu.

"Hujakosea kitu. Nilikuwa na mwanangu wa umri wako. Alifariki. Nikimkumbuka, nalia. Inua mkono."

Kijana aliinua mkono. Hakujua atazame wapi. "Nije siku nyingine?"

"Siku nyingine nitalia vilevile, na wewe utachelewa kuanza kazi. Simama wima."

Kijana alisimama wima. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa anaitwa nani?"

Hakuna mtu mtaani aliyekuwa amethubutu kumuuliza Bwana Futi swali hilo. Mama Pindo alishikilia kalamu. Bwana Futi alijifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akalitaja jina la mwanawe, kwa sauti, benchi zima likasikia, na aliyekuwa akipita barabarani akasikia.

"Jina zuri," alisema kijana.

"Ndiyo," alisema Bwana Futi. "Mama yake ndiye aliyemchagulia. Haya, geuka, nipime mabega."